Kabla ya vinasaba vya vijana, mikanda ya presha inayowatosha

BARUA YA WAZI

Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe. Waganga Wakuu wa Halmashauri. Na wakuu wa vyuo vikuu na vyuo vya kati vilivyomo katika mikoa hiyo.

YAH: UNENE, VINASABA NA MOYO WA KIJANA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Suala la vinasaba na unene limeshafika mezani. Vijana wanaona mtandaoni matangazo ya kutema mate kwenye kichupa, kukituma nje ya nchi na kurudishiwa ripoti inayosema kama una "jeni ya unene". Kwenye vikao vya mipango nako kipimo cha namna hiyo kinasikika cha kisasa, na kikiingia kwenye taarifa kinapendeza. Ombi letu halina mvuto huo. Tunaomba fedha ya kwanza iende kwenye mikanda ya presha (ile inayofungwa mkononi wakati wa kupima) ya saizi tatu, futi za kupimia kiuno, mizani iliyohakikiwa, na swali la ukoo linaloulizwa likaeleweka. Hatusemi hivi kwa kuidharau sayansi ya vinasaba. Ukiisoma vizuri, yenyewe ndiyo inayotuelekeza huko.

Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba toleo fulani la jeni iitwayo FTO linaandamana na unene. Mtu mzima aliyelirithi kwa baba na kwa mama alimzidi asiyelirithi kabisa kwa takriban kilo 3, na uwezekano wake wa kuwa na unene uliopitiliza ulikuwa mara 1.67. Kilo 3 tu, na hiyo ndiyo jeni maarufu kuliko zote katika habari hii. Baadaye zilipatikana sehemu nyingine mamia kwenye vinasaba, kila moja ikichangia kidogo, na nyingi zinafanya kazi ubongoni, kwenye njaa na kushiba. Kwa hiyo kijana anayesema "kwetu ukoo mzima ni wanene" hatafuti kisingizio. Anaweza kuwa amerithi njaa inayochelewa kuzimika. Lakini uchambuzi wa mwaka 2011 uliokusanya watu wazima zaidi ya 218,000 ulionyesha kwamba kwa wanaoushughulisha mwili, nguvu ya toleo hilo la FTO ya kuleta unene inapungua kwa karibu asilimia 27. Kurithi si kuhukumiwa.

Kilicho na uzito zaidi kwenu ni utafiti wa Bristol, Uingereza, uliowafuata watoto waliozaliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Swali lilikuwa hili: moyo wa kijana mnene unaumizwa na unene wenyewe, au na mambo yanayokwenda pamoja na unene, kama umaskini, sigara na kutofanya mazoezi? Kumpima kijana mara moja hakuwezi kutenganisha hayo. Vinasaba vinaweza, kwa sababu mtoto hachagui arithi nini. Mimba inapotungwa ni kama kura inapigwa, na kura hiyo haijui nani atakuja kuvuta sigara. Watafiti walilinganisha waliopata kura nyingi za uzito, yaani matoleo mengi ya jeni yanayoongeza uzito, na waliopata chache. Wakiwa na miaka 17 tu, kila pointi moja ya BMI (kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) iliyotokana na kura hiyo ilipandisha namba ya juu ya presha kwa karibu 0.8, na misuli ya chumba cha kushoto cha moyo ilikuwa imeongezeka uzito. Baadhi walipoitwa tena wakiwa na miaka 21, ilionekana kwamba kwa wenye kura nyingi moyo ulikuwa unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo.

Maana yake ni kwamba uzito wenyewe unautesa moyo, tena mapema, kabla kijana hajaanza kulalamika chochote. Na ikishajulikana kwamba ni uzito wenyewe, kumtibu kijana aliye mbele yako hakukuhitaji kujua ni jeni gani iliyouleta. Kunakuhitaji kujua uzito wake, kiuno chake na presha yake, kwa usahihi.

Kuna sababu ya pili ya kutokimbilia vipimo vya mate. Alama za hatari zinazotolewa na ripoti zile zimetengenezwa kwa vinasaba vya watu gani? Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu asilimia 78 ya washiriki wa tafiti za aina hiyo walikuwa na asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa asilimia 2. Uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo ulikuta kwamba alama hizo zikihamishiwa kwa watu wa asili ya Afrika, usahihi wake unashuka mara nne na zaidi. Mwaka 2017 lilipatikana toleo la jeni SEMA4D kwa watu wa Afrika Magharibi, karibu mmoja katika mia, ambao walikuwa wazito kwa takriban kilo 2.7 zaidi ya wenzao. Hata hilo hatuwezi kulibeba kutoka Ghana au Nigeria na kulishusha Rungwe au Kilolo kwa sababu tu sote ni Waafrika. Bara hili lina tofauti za vinasaba nyingi kuliko bara lingine lolote, na Mnyakyusa na Myoruba hawajawa kitu kimoja kwa kuwekwa kwenye safu moja ya jedwali.

Tusije tukaonekana tunasema vinasaba vya Waafrika havina faida kwa tiba ya moyo. Jeni ya PCSK9 ni ushahidi wa kinyume. Mwaka 2006 iliripotiwa kutoka Marekani kwamba Wamarekani Weusi wachache, kama asilimia 2.6, wana toleo lililoharibika la jeni hiyo, na kuharibika kwake ni heri kwao: kolesteroli yao ya LDL, ile mbaya inayoziba mishipa, iko chini kwa asilimia 28 tangu kuzaliwa, na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa imeshuka kwa asilimia 88. Dawa za kuzuia PCSK9 zilizoidhinishwa mwaka 2015 zilifuata njia hiyo. Kwa mpangaji wa bajeti, cha kutazama hapo ni hesabu yake. Upungufu wa asilimia 28 si mkubwa, dawa za kawaida za kolesteroli zinaufikia na kuupita. Umefanya kazi kubwa vile kwa sababu ulianza siku ya kwanza. Faida iko kwenye miaka, na miaka hiyo anayo kijana wa 20, siyo mzee wa 60 anayeletwa amepooza upande mmoja.

Sasa tuje kwenye mkono wa huyo kijana.

Vyumba vingi vya kupimia presha katika mikoa yetu vina mkanda mmoja, wa saizi ya kawaida, unaofaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 27 hadi 34. Mara nyingi umechoka, haushiki tena, umefungwa plasta. Kijana mwenye uzito wa kilo 95 anaweza kuwa na mkono wa sentimita 38 au 40. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono. Ukiwa mfupi, hewa inasukuma sehemu tu ya mkono, mshipa unahitaji nguvu zaidi kubanwa, na mashine inasoma namba kubwa kuliko ilivyo. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2023 lilipima kosa hilo: wanaohitaji mkanda mkubwa wakipimwa kwa wa kawaida, namba ya juu ilizidi kwa wastani wa 4.8, wanaohitaji mkubwa kabisa ilizidi kwa 19.5. Kwa wembamba wanaohitaji mkanda mdogo kosa lilikuwa kinyume, namba ilishuka kwa 3.6.

Zitazameni namba hizo mkiwa mmesimama kwenye mstari wa 140/90. Kijana mwenye 138 anasomewa 143, anaandikiwa ana presha, na anaanzishiwa vidonge ambavyo huenda hakuvihitaji. Hilo ni kosa linaloonekana. Lisiloonekana ni baya zaidi: muuguzi mzoefu anajua mkanda unadanganya kwa wanene, kwa hiyo anapoona 152 anasema kimoyomoyo "ni mkanda huo", anaandika 138 au haandiki kabisa. Hivyo aliye na presha ya kweli anarudishwa nyumbani. Kifaa kikishapoteza imani ya anayekitumia, hakipimi tena, hata kama taa yake inawaka.

Tunaomba kila chumba kiwe na saizi tatu: sentimita 22 hadi 26, 27 hadi 34, na 35 hadi 44. Hospitali za wilaya na za rufaa ziongeze ya 45 hadi 52. Mpimaji asikisie kwa macho. Anyooshe futi katikati ya ncha ya bega na kiwiko, azungushe, asome, ndipo achague mkanda. Ni sekunde kumi.

Lipo jambo la huku kwetu ambalo miongozo iliyoandikwa pwani hailitaji. Juni na Julai, Makete, Njombe mjini, Mafinga, hata Uyole, watu wanaingia chumbani na sweta mbili na koti. Muuguzi anakunja mikono ya sweta hadi juu, ile nguo iliyokunjwa inaubana mkono kama kamba, kisha mkanda unafungwa chini yake. Kipimo hicho hakifai. Mkono wa sweta uvuliwe kabisa. Tena baridi yenyewe hupandisha presha, kwa hiyo chumba cha kupimia kiwe na joto, hata kwa kufunga dirisha na kumwacha mtu apumzike ndani badala ya kumsimamisha kwenye korido yenye upepo. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, ametoka kukojoa, na asiongee. Vipimo viwili, dakika moja katikati. Muuguzi naye asimwulize habari za nyumbani mashine ikiwa inajaza hewa, ingawa tunajua kunyamaza mbele ya mtu ni jambo gumu.

Mizani na futi za urefu tutazipitia haraka. Mizani ikae kwenye sakafu ya saruji, siyo juu ya zulia wala mbao. Ihakikiwe kila Jumatatu kwa dumu la lita 20: lipimeni tupu, lijazeni maji hadi alama, lipimeni tena, tofauti iwe kilo 20. Urefu nao una madhara kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu unazidishwa kwa wenyewe. Kijana wa kilo 78 mwenye mita 1.62 ana BMI ya 29.7. Kama futi iliyogongomelewa ukutani imekosea sentimita 2 akasomwa 1.60, BMI inakuwa 30.5, amevuka mpaka wa unene uliopitiliza bila kula hata kipande cha chipsi.

Kiuno kipimwe katikati ya mbavu ya mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, baada ya kutoa pumzi ya kawaida. Siyo juu ya mkanda wa suruali, ambao kwa mwenye kitambi uko chini ya tumbo kabisa. Kwa wanawake kizingiti kinachotumika ni sentimita 80. Kwa wanaume wengi wanatumia 94, namba iliyotoka Ulaya. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa takwimu za nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara ulikuta hatari inaanza kwa wanaume karibu na sentimita 81. Tofauti ya sentimita 13 ni kubwa mno kuipuuza. Kijana wa kiume mwenye 88 leo anaambiwa yuko salama. Kwenye kampeni za nje ambako futi hazitoshi, kamba inatosha: ipime kwa urefu wa kijana, ikunje katikati, izungushe kiunoni. Isipofika, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na huyo aitwe ndani.

Baada ya hapo ndipo vinasaba vinapoingia, bila mashine, kwa swali. Historia ya ukoo ndicho kipimo cha vinasaba ambacho kila zahanati tayari inacho, na ndicho tunachokiharibu zaidi. Fomu nyingi zinauliza: "Kuna ndugu wa karibu mwenye ugonjwa wa moyo?" Kwa Kiswahili chetu ndugu ni nani? Kijana anamtaja shemeji aliyemsomesha, anamwacha baba aliyemzaa ambaye hakulelewa naye. Anasema "baba alikufa na presha" akimaanisha baba mkubwa, au mume wa mama. Anasema "dada" kwa binti wa mama mdogo. Kwenye mapenzi wote hao ni sawa, lakini kwenye vinasaba sivyo. Baba na mama wazazi, na kaka na dada wa baba mmoja mama mmoja, unachangia nao nusu. Wa baba mmoja tu au mama mmoja tu, robo. Baba mdogo, shangazi, mjomba wa damu, robo pia. Shemeji, sifuri.

Kwa hiyo ulizeni hivi: Baba aliyekuzaa yuko hai? Kama hapana, alikuwa na umri gani, na siku ile ilikuwaje? Mama aliyekuzaa? Ndugu wa baba mmoja mama mmoja? Wa baba mmoja, mama tofauti? Msiulize jina la ugonjwa, kwa sababu cheti cha kifo mara nyingi hakipo na familia ina maelezo yake. "Alianguka ghafla shambani." "Presha ilipanda akalala hakuamka." "Alipooza upande." "Alirogwa, alikuwa mzima kabisa jana yake." Hilo la mwisho liandikeni kama lilivyosemwa, msibishane nalo, mtu mzima wa miaka 42 aliyekufa ghafla ni habari ya kitabibu, vyovyote familia inavyoieleza. Mpaka wa kuwekea alama ni kabla ya miaka 55 kwa mwanamume na 65 kwa mwanamke.

Aliyewekewa alama hiyo, mnene au mwembamba, apimwe kolesteroli mara moja. Kuna ugonjwa wa kurithi wa kolesteroli unaompata kama mtu 1 kati ya 250 hadi 300, ambao ini linashindwa kuiondoa LDL kwenye damu, na mishipa ya moyo inaziba katika umri wa kufanya kazi. LDL ya 4.9 mmol/L au zaidi kwa mtu mzima inatosha kuutilia shaka. Mguseni kisigino: kano nene ya nyuma ya mguu ikiwa na vinundu vigumu, au vikiwepo kwenye vifundo vya vidole, shaka inaongezeka. Utepe wa kijivu kuzunguka mboni kabla ya miaka 45 nao hauhitaji mashine kuuona. Mmoja akipatikana, kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja na kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuwa nao, kwa hiyo waitwe wote. Hiyo ndiyo huduma ya vinasaba yenye faida kubwa kwa fedha ndogo. Maabara nazo zisipoteze vitendanishi: kisanduku kikifunguliwa kina siku zake, kwa hiyo teueni siku moja ya wiki ya kupima kolesteroli, sampuli zisubirishwe zikiwa zimetenganishwa na kuhifadhiwa kwenye baridi. Kama mashine inakokotoa LDL badala ya kuipima, matokeo yasitolewe pale trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, inapozidi 4.5 mmol/L. Na trigliseridi ya chini isimpoze mtu moyo. Kwa watu wa asili ya Afrika mara nyingi hubaki chini hata insulini inapokuwa imeshashindwa kazi.

Neno moja kwa wenzetu wa Kyela na maeneo mengine ya joto na malaria. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu wa miezi iliyopita, kinategemea chembe nyekundu kuishi muda wake. Mwenye upungufu wa kurithi wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, au aliyerithi jeni moja ya selimundu, anaweza kusoma chini ya ukweli. Kwa mwanamume mwenye toleo la Kiafrika la G6PD pengo ni karibu 0.8: aliyestahili 7.0 anasoma 6.2, anaambiwa hana kisukari. Tumieni glukosi ya asubuhi kabla ya kula, 7.0 mmol/L au zaidi kwa siku mbili tofauti.

Tusiwasahau vijana wa CTC, kliniki za tiba na matunzo kwa wenye VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 uliiweka mikoa yetu mitatu juu kabisa kwa maambukizi ya VVU, Njombe asilimia 11.4, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Wengi walihamishwa kutoka dawa ya VVU ya efavirenzi kwenda ya dolutegraviri, na baadhi, hasa wanawake, wameongezeka uzito sana. Hapo pia kuna jeni. Wenye toleo la jeni CYP2B6 linalochelewa kuiondoa efavirenzi mwilini walikuwa wakizuiwa kunenepa na dawa ile ya zamani. Ilipoondolewa, uzito ukaja. Dawa mpya isilaumiwe wala kuachwa. Lakini kliniki hizo zina mizani, mafaili na tarehe za kurudi, na mkanda wa presha unaofaa hapo utafanya kazi kuliko kampeni kumi za uwanjani.

Kwa vyuo: fomu ya afya ya mwanafunzi mpya mnayo tayari, ila ikishagongwa mhuri inaingia kabatini. Pimeni wenyewe wiki ya usajili. Viti sita kwa kila mpimaji ili watu wapumzike wakisubiri, dakika tatu kwa kila mmoja, ni wanafunzi 20 kwa saa na 120 kwa siku ya saa sita. Wapimaji wawili wanamaliza wanafunzi 1,200 kwa siku tano. Mwenye 140/90 au zaidi arudi siku nyingine mbili. Mwenye 180/110 aonwe na daktari siku hiyohiyo. Mnene asitangazwe mbele ya foleni, na asitishwe. Aambiwe lengo analoweza kulibeba: asilimia 5 ya uzito, yaani kilo 4 kwa mwenye 78, na kila kilo inayotoka inashusha presha kwa takriban pointi moja. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, vijiko tisa vya chai. Mama lishe akipunguza kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kwenye sahani, zimeondoka kilokalori 120. Na mlima wa Ipogolo, pale Iringa, upo, kwa anayeweza kuiacha bajaji ipande peke yake.

Mkitaka siku moja kukusanya vinasaba vya vijana wetu kwa utafiti, tutafurahi, maana pengo lile la asilimia 2 halitajazwa na wageni. Ila sampuli zisifuate njia ya vichupa vya posta. Ipo sheria ya kudhibiti vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavihesabu vinasaba kuwa taarifa nyeti. Mwanafunzi asisainishwe ridhaa kwenye foleni ya usajili, katikati ya fomu ya hosteli na ya bwalo la chakula, bila kujua anasaini nini.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Tunaomba mikanda ya saizi tatu, futi za mkono na kiuno, na maswali ya ukoo kama tulivyoyaandika viingie kwenye mpango wa afya wa kila halmashauri kabla bajeti haijafungwa. Mpimaji wa kwanza atakayepokea mkanda mkubwa aandike kwenye daftari, kwa mwezi mmoja, namba mbili kwa kila mwenye mkono uliozidi sentimita 34: iliyosomwa na mkanda wa zamani na iliyosomwa na mpya. Daftari hilo tutaliomba.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, matabibu na wataalamu wa maabara
Nyanda za Juu Kusini

Nakala: Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri, Washauri wa Wanafunzi vyuoni, Waratibu wa CTC wa wilaya.